Pumzi ilikata wimbo wa pili: je, nirudi darasani?

*"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 41, ni karani, nimehamia Mbeya kikazi kutoka Tanga wiki tano zilizopita. Jirani yangu alinichukua kwenye darasa la zumba (mazoezi ya kucheza muziki) la jioni, huku mtaa wa Soweto. Nilisimama nyuma kabisa, kwenye kona, nisionekane. Wimbo wa pili tu pumzi ikakata, moyo unadunda hadi masikioni, wenzangu wanakwenda kulia mimi nakwenda kushoto. Walipogeuka wote kutazama nyuma, nikajikuta mimi ndiye niko mbele. Niliondoka baada ya dakika ishirini, na nilipofika barabarani nilikuwa nimeshatulia. Siku mbili baadaye mapaja yaliuma hata kushuka ngazi ilikuwa shida, na goti la kulia lilikuwa linavuta. Kazini wananiambia mwenye presha hatakiwi kurukaruka (nilipimwa mara moja duka la dawa, ikasoma 148 kwa 94), na kwamba jasho na baridi ya Mbeya vitaniletea nimonia. Navaa mtandio na sipendi nguo za kubana. Nimewaza nianze kwanza kutembea peke yangu hadi nipungue na nipate pumzi, ndipo nirudi. Ni sawa? Au moyo wangu ndio mbovu? Darasa lijalo ni Alhamisi."*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi, lakini nikisoma barua yako naona hofu moja imejificha chini ya yote: je, mwili wangu umeharibika, au ni mgeni tu? Kwa maelezo uliyonipa, mwili wako ni mgeni. Ni mgeni wa mji, wa kasi ile na wa hatua zile, na mambo hayo yote ulikutana nayo jioni moja. Kuna vitu viwili ningependa upime kabla ya kuendelea sana, nitavifikia. Kwanza nikueleze kilichotokea ndani yako.

Umetoka Tanga, mji ulio usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ni ile ile, na oksijeni ndani yake ni sehemu 21 katika 100 kama huko kwenu. Kinachopungua ni mgandamizo. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na kila pumzi unayovuta hapa inabeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Ukikaa kitini kazini huoni tofauti. Ukitembea taratibu sokoni, pia huioni. Lakini ukiupa mwili kazi kubwa ghafla, moyo na mapafu inabidi viongeze mwendo kufidia ile oksijeni iliyopungua, ndiyo maana ulitweta mapema kuliko ulivyotegemea.

Habari njema ni kwamba mwili unajirekebisha. Figo zinahisi upungufu huo na kutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi za damu, zile zinazobeba oksijeni. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na wiki zako tano zimeshafanya sehemu nzuri yake. Wala usije ukatishwa na maneno kuhusu ugonjwa wa mwinuko: huo kwa kawaida huanza kuwasumbua watu wakifika mita 2,500 hivi na kuendelea. Mbeya haikufanyi mgonjwa. Inakudai subira tu.

Sitaki hata hivyo tuutwike mlima lawama zote. Waliokuzunguka wamekuwa wakicheza miezi, pengine miaka, na madarasa yetu mengi siku hizi huchanganya amapiano yenye mapigo kama 110 kwa dakika na singeli inayopita 200. Mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa muda akikutana na singeli kwenye wimbo wa pili atatweta hata akiwa Tanga, ufukweni.

Kuhusu moyo kudunda hadi masikioni: ukiwa kwenye kazi ngumu, huo ni moyo unaofanya kazi yake. Kwa umri wako, makadirio ya kawaida ya mapigo ya juu kabisa ni 220 kutoa 41, yaani 179 kwa dakika, na hayo ni makadirio tu. Mimi simwambii mgeni ahesabu mapigo. Namwambia ajaribu kuongea. Ukiweza kumwambia jirani yako sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri. Ukiweza kutoa neno moja moja tu, punguza. Na kitu kilichonipa moyo katika barua yako ni hicho ulichokitaja kwa kupita, kwamba ulipofika barabarani ulikuwa umeshatulia. Moyo unaoshuka haraka namna hiyo baada ya kazi ni dalili njema.

Moyo ambao ningeuogopa una lugha nyingine. Ni maumivu au uzito kifuani unaokuja ukijitahidi na kuondoka ukipumzika, hasa ukisambaa begani, mkononi au kwenye taya. Ni kuzimia, au kukaribia kuzimia katikati ya mazoezi. Ni mapigo yanayorukaruka bila mpangilio, kukosa pumzi ukiwa umelala chali usiku, au miguu yote miwili kuvimba. Ukiwa na mojawapo, usiende darasani, nenda hospitali. Maumivu ya kifua yasiyoisha ukipumzika ni ya kwenda saa hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Sasa vile vitu viwili vya kupima. Cha kwanza ni wingi wa damu. Mwanamke wa miaka 41, hasa kama hedhi yake ni nzito, anaweza kuwa na upungufu wa damu kwa miaka bila kujua. Usawa wa bahari anavumilia, akipanda huku juu pumzi inamsaliti. Kipimo chenyewe ni tone la damu tu, kwenye zahanati au kituo cha afya. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 za himoglobini kwa desilita moja ya damu ana upungufu, na hapo atibiwe, maana hakuna zumba itakayompa pumzi mtu asiye na damu.

Cha pili ni presha. Kipimo kimoja cha 148 kwa 94, ukiwa umeingia duka la dawa kutoka juani, hakikufanyi kuwa mgonjwa wa presha. Kinakutaka urudie. Pima siku tofauti, ukiwa umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekaa sakafuni, hujatoka kunywa kahawa. Ikirudi tena na tena 140 kwa 90 au zaidi, onana na daktari. Lakini hao wa kazini wameigeuza habari kichwa chini. Mazoezi yanayokufanya utwete, kama haya, ni sehemu ya matibabu ya presha. Yakifanywa kwa ukawaida, mwenye presha anaweza kushusha namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Anayetakiwa kusubiri ni yule ambaye akiwa amekaa tu ana 180 kwa 110 au zaidi. Huyo atulize presha kwanza na daktari wake. Na siku ukija kuanzishiwa dawa, uliza kama ni zile zinazopunguza mapigo ya moyo, atenololi kwa mfano, kwa sababu ukizitumia mapigo hayatakuambia ukweli na itabidi utegemee kile kipimo cha kuongea.

Nimonia haiji kwa jasho. Inaletwa na vimelea, bakteria au virusi, vinavyoingia kwenye mapafu. Unachopaswa kujilinda nacho ni kupoa ghafla: nguo iliyolowa jasho, upepo wa saa moja jioni mwezi wa Juni, na bodaboda. Beba fulana kavu na sweta, ubadilishe kabla ya kutoka nje. Kuna wachache ambao hewa ya baridi na kavu huwabana kifua hasa. Ukisikia mluzi kifuani ukipumua, au kikohozi kinakushika dakika chache baada ya kumaliza, hiyo inaweza kuwa pumu inayoamshwa na mazoezi, ina dawa yake, kapime.

Na hapa niseme jambo ambalo wageni wa baridi wanahitaji kuambiwa mapema. Ukiamua kufanya mazoezi nyumbani, usiingize jiko la mkaa chumbani ili upate joto. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, na inajishikiza kwenye seli nyekundu za damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Ukihema kwa nguvu ndani ya chumba hicho unaivuta kwa wingi. Huku Mbeya, Njombe na Makete msimu wa baridi jambo hili si la mzaha. Vaa soksi mbili na uchezecheze mpaka upate joto.

Yale maumivu ya mapaja hayakuwa jeraha. Watu husema ni asidi imeganda kwenye misuli. Hapana, hiyo huondoka ndani ya muda mfupi baada ya mazoezi. Maumivu yanayofika kilele siku ya pili au ya tatu yanatokana na michubuko midogo mno ndani ya misuli, hasa pale msuli unapofanya kazi huku ukirefuka, kama kuchuchumaa polepole au kutua baada ya kuruka. Msuli unajikarabati na kuwa imara zaidi, na ukirudi ndani ya wiki moja au mbili mara ya pili maumivu yatakuwa madogo kuliko ya kwanza, pengine isiume kabisa. Ukisubiri muda mrefu sana, faida hiyo hufifia.

Goti ndilo linanishughulisha zaidi. Nadhani ulivaa raba za kukimbilia, zenye meno makubwa chini, sivyo? Raba hizo zimetengenezwa zing'ang'anie ardhi mtu anapokwenda mbele. Kwenye densi tunageuka. Sakafu ya saruji inaishika raba, mwili unageuka, unyayo umebaki, na katikati yao aliyesongolewa ni goti. Ukienda Mwanjelwa kwenye mitumba, tafuta raba yenye soli bapa, laini chini, na kingo imara pembeni, kama zile za kuchezea ndani ya ukumbi. Kila unapogeuka, nyanyua kisigino kwanza, geukia kwenye kitako cha vidole (ile sehemu nene ya unyayo nyuma ya vidole), au piga hatua ndogo mbili tatu badala ya kujisokota. Usicheze na soksi tupu kwenye vigae, utateleza. Goti likivimba, likikwama, au likikuachia ghafla ukisimama, njoo tulione wenyewe kwa mikono. Kama linavuta tu na limeshatulia, raba nyingine na kutoruka kwa wiki chache vitatosha.

Sasa hatua, maana nahisi aibu ndiyo iliyokutoa pale kabla ya pumzi.

Kona ya nyuma ni mahali pabaya kuliko pote kwa mgeni, na umelijua hilo kwa njia ngumu. Humwoni mwalimu, unamfuata mtu ambaye naye anamfuata mtu, kwa hiyo unachelewa mara mbili. Na darasa likigeuka, nyuma inakuwa mbele. Simama mstari wa pili au wa tatu, pembeni kidogo, nyuma ya mama mmoja mwenye hatua safi. Kila darasa linaye. Mwalimu akikugeuzia uso, mfuate kama kioo: mkono wake ulio upande wako wa kulia, wewe nyanyua wa kulia. Wengi hujitahidi kutafsiri "kushoto kwake ni kulia kwangu" na hapo ndipo wanapopotea.

Tena, acha mikono. Kwa madarasa matatu ya kwanza iache ining'inie au ishike kiuno, shughulika na miguu tu. Ubongo wa mgeni una nafasi finyu ya kushika mambo mapya, na miguu, mikono, kiuno na kugeuka vikiingia kwa pamoja vyote vinamwagika. Miguu ikishajiendea yenyewe, mikono itakuja bila kuitwa. Hatua zenyewe si nyingi kama zinavyoonekana. Kuna kupiga mguu papo hapo kama gwaride, kuna kwenda pembeni na kufunga, kuna mbele na nyuma, kuna kupishanisha mguu nyuma. Kilichobaki mara nyingi ni mapambo juu ya hizo.

Na sikiliza wimbo, usiitazame miguu yako. Karibu muziki wote wa darasa unahesabiwa moja mpaka nane, na hatua hubadilika baada ya hizo nane kurudiwa, mara nyingi mara nne. Juu ya hapo kuna siri ambayo walimu husahau kuisema: kiitikio kikirudi, hatua yake nayo inarudi. Kwa hiyo ukipotea kwenye ubeti, piga mguu papo hapo, tabasamu, subiri kiitikio, uingie nacho. Hata ngoma zetu hujengwa hivyo. Ukibahatika kuona lizombe ya Wangoni, au kioda ya akina mama wa Ziwa Nyasa, utaona wachezaji wanasubiri wimbo uwaambie lini wabadilishe. Huenda hata harusini wewe ni mtu wa kukaa, sijui, lakini ukiwa umekaa mguu wako unagonga sakafu, na kugonga huko ndiko hatua ya kwanza ya darasa.

Singeli ikiingia, usishindane nayo. Kanyaga pigo moja, linalofuata liache lipite. Utakuwa unakwenda nusu ya kasi, bado uko ndani ya mdundo, na hakuna atakayekuona umekosea. Wenzako wakiruka, wewe nyanyua kisigino tu, mguu mmoja ubaki chini daima. Utapata pumzi ile ile kwa gharama ndogo ya goti. Ukichoka, punguza lakini usisimame wima ghafla. Misuli ya miguu inapofanya kazi inasaidia kusukuma damu kurudi moyoni. Ukisimama ghafla damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa, unaona kizunguzungu na kudhani ni moyo.

Jambo ambalo hukuuliza, nami nalitaja kwa sababu wanawake wengi wanaacha madarasa kimya kimya kwa ajili yake: mkojo kuponyoka ukiruka, hasa kwa aliyekwisha kuzaa. Ni misuli ya sakafu ya nyonga iliyolegea, ina mazoezi yake, na sisi wa fiziotherapia (tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi) tunaifundisha. Usione haya kuuliza.

Mtandio hauna tatizo lolote. Chagua wa pamba nyepesi, ufunge shingoni usiachie ncha ndefu, na pini zisiwe za ncha wazi. Suruali pana ya kitambaa chepesi na shati refu hadi mapajani vinatosha kabisa. Dera liache nyumbani, si kwa sababu nyingine ila upindo wake utaukanyaga kwenye hatua ya kurudi nyuma. Sidiria iwe ya kushika vizuri, hiyo inabana lakini haionekani. Kama ungependa darasa la wanawake peke yao, uliza, mara nyingine asubuhi huwa hivyo.

Je, utembee kwanza hadi upate pumzi? Kutembea ni jambo jema mno, ni bure, na vilima vya Mbeya ni mwalimu mkali. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kunahesabika. Lakini mwili hujifunza kile unachoufanyisha. Miezi mitatu ya kutembea itakupa pumzi, haitakupa kiitikio wala kugeuka, na siku ukirudi darasani utapotea vilevile, safari hii ukiwa umevunjika moyo zaidi kwa sababu ulidhani umejiandaa. Fanya vyote: darasa mara moja au mbili kwa wiki, kutembea siku nyingine. Hayo yote hayatoshi kuimarisha misuli, kwa hiyo mara mbili kwa wiki kaa na uinuke kitini bila kushika, mara kumi, pumzika, rudia. Goti lako litakushukuru.

Kuhusu kupungua, nikuambie wazi. Dakika 45 za kucheza kwa kasi ya wastani, kwa mtu wa kilo 70, zinachoma takriban kalori 300. Soda moja na chapati zinaweza kuzirudisha zote. Densi itakupa pumzi, usingizi, presha nzuri na watu wa kuongea nao katika mji mgeni, na vyote hivyo utaviona kabla ya mizani kusogea. Kilo zinaamuliwa zaidi na sahani.

Na kama baada ya madarasa matano au sita bado unachukia muziki ule na kelele zile, acha bila kujilaumu. Klabu za joging zipo, kutembea kupo. Lipia kwa siku kwanza, usilipie mwezi. Mwalimu naye mchunguze. Mwenye spika kubwa anaweza kujiita mwalimu, lakini anayejua kazi hupasha misuli dakika tano hadi kumi kabla ya kuwasha moto, huonyesha njia nyepesi ya kila hatua, humaliza kwa kupoza mwili taratibu, na huuliza nani mgeni leo. Anayemcheka mgeni mbele ya watu, mhame.

Kwa hiyo Jumatano pitia kituo cha afya upime damu na presha. Presha ikiwa chini ya ile 180 kwa 110, damu ikiwa ya kutosha, na goti halijavimba, Alhamisi nenda. Kula kitu chepesi saa moja na nusu kabla, ndizi na chai inatosha. Fika dakika kumi mapema, mwambie mwalimu wewe ni mgeni, umetoka pwani juzi, na goti la kulia lina historia. Simama mstari wa pili, pembeni, mikono kiunoni. Cheza dakika ishirini zile zile ulizocheza mwanzo, kisha usiondoke: sogea pembeni, piga mguu taratibu papo hapo, na utazame hatua mpaka wamalize. Wiki ijayo ongeza wimbo mmoja.